Mtani wa Kiti cha Nyuma

Haneti,
9 Septemba 2024

Kwako Castory Kihwele, dalali wa mahindi yenye wadudu, Mhehe uliyepotea njia ukaishia Kibaigwa,

Kamwene, kama mnavyosalimiana Wahehe. Nimerudi. Najua habari hii imekuudhi, maana ulishaanza kupanga jinsi utakavyoingia kwenye kaburi langu ukatae kutoka.

Simu yako naipiga tangu nivuke mpaka wa Kasumulu nikitokea Malawi. Inaita mpaka inachoka, halafu yule mwanamke wa mtandao ananiambia nijaribu baadaye. Kwa hiyo mimi wa darasa la nne nimechukua kalamu. Denis wa fuso atakufikishia barua hii akija kushusha mahindi hapo sokoni. Akisema hajanywa chai, usimpe, ni mwongo.

Sasa nikusimulie safari, maana wewe uliishia Mpika, Zambia, kama gunia lililoanguka njiani. Tangu Tunduma ulikuwa unanililia mguu huko nyuma ya pikipiki. Mara umeungua na ekzosi, mara umevimba, mara hauumi kabisa. Nikajiuliza, mguu usiouma nao unalalamikiwa? Asubuhi ile pale gesti uliponiambia unakufa, nikajua umechoka makalio unatafuta sababu. Nikakujibu anavyojibiwa mtani: kufa upesi, koti lako linanitosha. Nikalichomoa kwenye msumari, nikapiga kiki, huyo nikaondoka. Nilijua utanikuta Kapiri Mposhi umeshushwa na lori, umenuna, unadai koti. Nilikungoja pale mpaka karanga zikanikinaisha. Hukuja. Nikasema basi, Mhehe amemkumbuka mkewe.

Koti limenifaa, Namibia ina baridi ya kukata masikio. Mfukoni nilikuta vidonge vyako vyeupe, nikavitambua: ni vile vya wazee walioshindwa nyumbani. Nikavitupa mto Kafue kwa faida ya moyo wako. Mkeo Hilda atanishukuru.

Zambia ni ndefu kuliko hotuba ya diwani. Unalala unaikuta, unaamka unaikuta. Pale Katima Mulilo askari mmoja aliniona na mvi hizi na namba ya Tanzania, akanipigia saluti akidhani nilipigana vita vya ukombozi wao. Nikaipokea. Ningemwambia nini, kwamba wakati ule nilikuwa nachunga mbuzi Haneti? Wakati wa kurudi, Botswana, tembo alinisimamisha barabarani. Tofauti yake na trafiki ni kwamba hakuuliza leseni.

Na bahari nimeiona. Ile tuliyobishania kilabuni, ya upande wa pili, ambako jua haliamki majini kama kwetu bali linalala humo. Nimeliona kwa macho haya likizama, jekundu kama jicho lako siku ya pili ya harusi. Lilipogusa maji nilisikia kama chuma cha mhunzi kinapoozwa. Usiulize zaidi, ungekuja ungeona.

Pokea simu.

Ni mimi mfalme wa barabara,
Yotham


Kibaigwa,
18 Septemba 2024

Kwa Mzee Yotham,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema pamoja na familia yako. Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu.

Barua yako nimeipokea. Nakupongeza kwa kuhitimisha safari yako salama. Koti unaweza kubaki nalo. Kuhusu simu naomba uniwie radhi, nina shughuli nyingi.

Nakutakia maandalizi mema ya msimu wa kilimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
C. Kihwele


Haneti,
27 Septemba 2024

Mtani,

Umepatwa na nini? Barua yako nimeisoma nikitafuta tusi, sikuliona. Nimeigeuza nyuma, nako hakuna. Nikampa Denis aisome, akasema hii imeandikwa na mtendaji wa kata.

Mzee Yotham. Tangu lini mimi ni mzee kwako? Tulijuana kwenye msiba wa kaka yangu Mazengo. Sisi tunalia, wewe Mhehe nisiyekujua ukashuka kaburini na viatu vyako, ukalala chali, ukasema Wagogo wamechimba pazuri na hutoki mpaka upewe jogoo. Nilitaka kukuzika humo humo. Mama akacheka. Mwanamke amefiwa na mtoto wa kwanza, akacheka, halafu ndipo akaweza kula. Tangu siku hiyo hujawahi kuniita jina langu bila kulipaka kitu. Leo unanitakia maandalizi mema ya msimu wa kilimo, wakati unajua shamba langu linaota mawe.

Kama ni koti, nitalirudisha. Kama ni vidonge, nitakununulia vingine vikali zaidi, Hilda ahamie kwao.

Nikwambie kitu, ukikitangaza nitakataa. Tangu Kapiri Mposhi nilikuwa naendesha huku napiga kelele kwa nyuma: Castory, umeona mlima ule unaofanana na kichwa cha shemeji yako? Nasikiliza, nasikia upepo. Mtu hatanii upepo, haujibu. Kule Caprivi, Namibia, barabara imenyooka mpaka unasinzia na macho wazi, na hakuna wa kukupiga kofi la mgongo ukiyumba. Nikifika gesti naulizwa, uko peke yako mzee? Nasema mwenzangu yuko nyuma anakuja. Nilisema hivyo nchi nne.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Nitakupakia tupande mpaka mnadani Chemba, tukachague mbuzi wa kuchoma, wewe Mhehe mla mbwa uchague wa kwako anayebweka. Andaa mguu wa kupandia, ule ule wenye malalamiko.

Mtani wako, utake usitake,
Yotham


Kibaigwa,
2 Oktoba 2024

Shemeji Yotham,

Shikamoo. Jumamosi usije.

Castory hana mguu wa kupandia. Wa kulia ulikatwa mwezi wa saba, chini ya goti.

Nakuandikia bila yeye kujua. Ana kisukari, shemeji, si cha jana wala juzi. Hakukwambia kwa sababu alijua kilabu kizima kingemwita Bwana Chai Bila Sukari mpaka afe. Ninyi mnaambiana kila neno isipokuwa lililo la kweli. Mwenye kisukari nyayo na miguu hufa ganzi. Mguu wake ulipoungua na ekzosi haukumuuma, ndiyo maana akasema hauumi, nawe ukaona ni kichekesho. Vidonge ulivyotupa mtoni ndivyo alivyokuwa anavitegemea kwenda na kurudi.

Alilala Mpika, homa ikampanda, hana dawa na lugha ya watu haijui. Dereva mmoja wa Makambako akasikia kuna Mtanzania anaweweseka gesti, akaenda akambeba mgongoni, akamlaza nyuma ya kiti chake. Walipofika Dodoma mguu umeshakuwa mweusi. Daktari alituambia tuchague mguu au mtu.

Unaijua kazi yake. Dalali ni miguu. Lori likikata kona kutoka barabara kuu, lazima ukimbie nalo uwe wa kwanza kushika mlango. Sasa honi ikilia anageukia ukutani.

Ile barua ya kwanza aliiandika mwenyewe. Nilimwomba akwambie yaliyompata. Alikataa. Akaniambia, "Mgogo akijua atacheka."

Nami nakuuliza shemeji, na sikuulizi kwa ubaya. Ungecheka?

Hilda


Haneti,
15 Oktoba 2024

Ndugu yangu Castory,

Hilda ameniambia. Tafadhali usimgombeze.

Nimechelewa kuandika kwa sababu aliniuliza swali, na kila nikishika kalamu swali linakaa juu ya karatasi. Aliniuliza kama ningecheka. Nimeutafuta uongo mzuri wa kumjibu, mimi ambaye sijawahi kukosa uongo, nimekosa. Ndiyo, ningecheka. Ungenieleza pale Mpika kwamba una kisukari, ningecheka kwanza, halafu ningekupakia nikupeleke hospitali. Ningekupeleka, Castory. Lakini ningecheka kwanza, na wewe hilo la kwanza ulilijua, la pili hukuwa na uhakika nalo. Miaka yote hii sikuwahi kukupa sababu ya kuwa na uhakika.

Na lile jua sikuliona. Nilifika kwenye ile bahari, nikakuta ukungu. Kila jioni nilikwenda ufukweni nimevaa koti lako, na kila jioni ukungu uliingia kabla ya jua kushuka, ukafunika maji, ukafunika mchanga, mpaka mikono yangu kwenye usukani siioni. Nikauliza wenyeji, wakasema msimu huu ndivyo ulivyo, njoo mwezi mwingine. Nikageuza. Njiani nikaanza kulitunga lile jua, nikalipaka rangi, nikaliongezea sauti, mpaka nilipofika Haneti lilikuwa limekamilika. Watu wote wa hapa wameliamini. Nilikuacha Mpika nikaenda kuangalia ukungu.

Watu wananiuliza nimejifunza nini kwenye nchi zote hizo. Nawachekesha na habari za tembo. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba kila mpaka nilivuka kwa urahisi. Walinigongea muhuri, wakanitakia safari njema. Hakuna hata mmoja aliyenizuia akaniambia rudi. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia rudi, sikujua kama ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kuanzia leo sitakutania tena. Naona aibu. Nikija nitabisha hodi, nitakaa nitakapoonyeshwa, nitakuita kaka. Pikipiki nimeiegesha, siipandi.

Pole sana. Mungu akupe faraja wewe na familia yako katika kipindi hiki kigumu.

Wako,
Yotham


Kibaigwa,
1 Novemba 2024

Wewe Yotham, mbwa pekee niliyeshindwa kummeza,

Nimepokea barua yako ya rambirambi. Nikamwita Hilda nikamuuliza, nani amekufa humu ndani? Akaangalia vyumba vyote, akasema hakuna.

Kaka katika kipindi hiki kigumu. Nani alikufundisha maneno hayo, redio? Mazengo alikuwa ndani ya sanduku, amefungwa misumari, na sikumwandikia hivyo. Nilimtukana kama mtu. Mimi bado napumua, nakula, jana nimegombana na Hilda juu ya ugali wa mtama, wewe unaniandikia kama vile umeshika kofia mkononi. Usiku niliisoma tena nikajipapasa nione kama niko baridi.

Usidhani nimekusamehe. Hili nalisema mara moja, halafu nisiulizwe. Kwamba niliungua, ni mimi niliyeficha. Nilivaa soksi mbili ili usione. Vidonge, hukujua ni vya nini, na ningekuwa mimi nimevikuta kwenye koti lako ningetangaza maneno mabaya kuliko yako mpaka Chemba. Koti ni haki yako, mtani huchukua. Hayo yote nimeyaweka pembeni.

Ila uliponiacha pale, nilicheka. Nililala kitandani nikicheka, nikisikia pikipiki inakata kona ya soko. Nikasema huyu Mgogo hafiki kituo cha mafuta, atageuza, atasimama dirishani aseme nimekuja kuchukua na suruali. Nikatayarisha tusi la kukupokea nalo, lilikuwa tusi zuri sana. Nikacheka mpaka mlio ukapotea. Ulipopotea nikaendelea kucheka kidogo, ili nisisikie kwamba umepotea.

Hukugeuza, Yotham. Hilo ndilo ninalolala nalo. Mguu nimeshazoea kuukosa, asubuhi tu ndiyo nasahau.

Sasa mguu umekwenda, unataka na utani uufuate? Mimi nibaki na nini hapa, na salamu za Jumapili? Mtu akiingia ananiangalia usoni kwa nguvu ili asiangalie chini. Wote wamekuwa na adabu. Soko zima la Kibaigwa, watu walioniibia magunia, wamekuwa na adabu. Nilibakiwa na mtu mmoja asiye na adabu, naye ameniandikia kwamba ameacha.

Huyu aliyekuletea barua ni Optatus, mtoto wa dada yangu. Najua unasoma polepole kama konokono kwenye majivu. Kwa hiyo hapa ulipofika, yeye na wenzake wameshapakia pikipiki yako kwenye kenta. Usimuulize kitu. Nimechukua.

Castory


Haneti,
3 Novemba 2024

Kwako mwizi wa mchana kweupe,

Mbukwenyi, nakusalimu kwa Kigogo cha heshima, maana sasa umekuwa mkubwa, unatuma majeshi.

Nilipofika kwenye neno konokono nikasikia kenta linafungwa ubao. Nikatoka na barua mkononi. Pikipiki imelazwa juu ya magunia matupu, imefungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mahari. Jirani yangu Bartolomayo alishafika na rungu, anaita wezi, na mpwa wako Optatus ameinua mikono, anasema katumwa. Nikamwambia Bartolomayo ashushe rungu.

"Waache," nikasema. "Ni mtani wangu amechukua."

Akauliza mtani yupi, yule wa mguu? Maana hapa habari imeshaenea, na najua wanavyoniangalia nikipita. Nikasema ndiyo, huyo huyo wa mguu. Bartolomayo akawasaidia kukaza kamba.

Wameondoka, nikaingia ndani nikacheka. Nimecheka peke yangu kama mwehu, mpaka kile kicheko kikanigeukia. Zaidi ya hapo sikuandikii, mimi si mtu wa hivyo.

Nimesoma habari ya kona ya soko. Nitakwambia nilichofanya kwenye kile kituo cha mafuta. Nilisimama. Nilizima injini. Niliangalia nyuma nione kama umetoka barabarani na shuka kiunoni unanitukana. Nikasema nikigeuza sasa atanicheka mpaka Lusaka, atasema Mgogo haendi popote bila Mhehe wa kumshika mkono. Nikawasha. Hicho ndicho kilichotutenganisha, mtani, tuliogopana vicheko, wewe kitandani na mimi pampuni.

Sasa niambie, umechukua pikipiki ya nini? Kiki iko upande wa kulia, na upande huo wewe umebakiza goti. Utaipiga kwa nini, kwa ulimi?

Sentensi hiyo nimeiandika, nikaikata, nikaiandika tena. Sijui kama imevuka mpaka. Zamani nisingeuliza. Kama imevuka, usinijibu, nami nitajua. Kama haikuvuka, nataka kuja, kwa basi, kwa kuwa usafiri wangu umeibiwa na kilema.

Yotham


Kibaigwa,
12 Novemba 2024

Yotham, mtoto wa njaa,

Hilda alikuwa ananisomea barua yako kwa sauti, miwani yangu imevunjika. Alipofika kwenye kiki akanyamaza. Nikamwambia malizia. Akasema hakuna kitu hapo. Nikamwambia mama, nimeona jicho lako limeruka mstari, malizia. Akasoma huku ameuma midomo, kisha akatoka nje, sijui alikwenda kulia au kucheka, alikaa muda.

Mimi nilikaa nayo. Sikwambii nilifanya nini.

Pikipiki iko barazani. Watoto wa jirani wanaomba kuipanda, nawafukuza. Kuku wa Hilda ametaga kwenye kiti cha nyuma, huyo nimemwacha, ana haki kuliko wewe.

Njoo. Panda basi la asubuhi, shuka stendi, usipande bodaboda, tembea, hiyo ndiyo faini. Utanikuta nimekaa mlangoni, mguu wa suruali umekunjwa na kubanwa na pini. Utaangalia, najua, hakuna asiyeangalia. Angalia umalize kabisa, sitasema kitu. Chai yetu haina sukari, wala wewe usiseme kitu.

Lakini usicheke. Ukifika usicheke, ngoja nicheke mimi kwanza. Kama sikucheka, utakunywa chai yako, utamshukuru Hilda, halafu utarudi kwenu na basi la saa nane.

Castory